Siku Mia Tatu na Sitini na Nne Bila Mzigo Kurudi

Ijumaa, tarehe ishirini na nane Februari. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu yasiyo na msimamo: yananyesha, yanaacha, yanarudi tena, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Karani wa kituo cha kuchukulia mizigo alikunja mwavuli, akafungua kufuli, na kabla hata ya kuwasha taa akaenda kwenye ubao mweupe nyuma ya kaunta. Akafuta 363, akaandika 364. Juu ya tarakimu hizo palikuwa na maneno ya wino mwekundu, mwandiko wake mwenyewe: SIKU BILA MZIGO KURUDI.

Imebaki leo tu. Saa kumi na moja jioni mwaka ungetimia, na yeye angekuwa karani wa kwanza katika soko lile la mtandaoni kumaliza mwaka mzima bila mnunuzi hata mmoja kurudisha kitu. Meneja wa kanda alikuwa njiani kumletea cheti chenye fremu, na pamoja na cheti, barua ya kumhamishia makao makuu, kwenye meza yake mwenyewe na kiti kinachozunguka.

Si kwamba bidhaa zilikuwa nzuri. Watu waliagiza blanketi wakapata kitambaa cha kufutia miwani. Waliagiza redio wakapata sanduku la redio. Na sheria ilikuwa wazi: mtu aliyenunua kitu mtandaoni ana siku saba tangu alipokipokea kubadili nia na kukirudisha, bila kuulizwa sababu. Karani aliijua sheria ile vizuri, kama mwizi anavyoijua ratiba ya mlinzi.

Hakuwahi kumkatalia mtu. Kukataa ni kosa. Yeye alichelewesha tu. Ukija siku ya pili, mtandao uko chini. Ukija ya tatu, fomu zimeisha. Ya nne, anayetia saini yuko semina. Ya tano anakupongeza kwa uvumilivu wako. Ya sita anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: "Mteja kama wewe, mwelewa, ni nadra." Ya nane anakutazama kwa huruma ya kweli kabisa na kusema, "Lo, ungekuja jana!" Mtaani walimwita Bwana Haurudi. Alilisikia jina hilo na kulipenda.

Asubuhi ile, akivaa viatu, mke wake alimuuliza, "Umeshamshughulikia mama?"

"Nitamshughulikia Jumatatu."

"Jumatatu si siku saba zitakuwa zimekwisha?"

"Basi atakuwa ametulia," alisema karani, akatoka haraka kabla neno halijamfikia mgongoni.

Maana Ijumaa iliyopita mama mkwe wake, fundi cherehani kwa miaka thelathini, alikuja pale pale kaunta kuchukua cherehani ya umeme aliyoiagiza kwa simu. Pichani palikuwa na mwanamke amekaa mbele ya mashine, anacheka. Alipofika nyumbani akafungua, ndani mlikuwa na mashine inayoenea kwenye kiganja, inayotumia betri mbili za tochi. Ilishona mishono mitatu, ikakohoa, ikanyamaza. Yule mwanamke wa pichani, fundi alihitimisha, alikuwa anamcheka yeye.

Jumapili alimpigia mkwe wake. Mkwe akasema fomu zimeisha, zitakuja wiki ijayo, mama asijisumbue na mvua hii.

Saa tatu na nusu mlango ulifunguliwa. Aliingia mama mkwe, mfuko mkononi, miwani shingoni. Nyuma yake aliingia mlinzi wa benki na sare yake, kisha muuza maziwa na kofia yake, kisha wengine watano waliobana madaftari kwapani. Kila mmoja alifuta miguu kwa zamu, kama wanaoingia nyumba ya ibada.

Karani alisimama wima. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mkwe wangu. Hujambo? Mke hajambo?"

"Hatujambo, mama. Na hawa ndugu?"

"Hawa ni wenzangu wa darasa la jioni. Tunajifunza kusoma. Ukubwani, lakini Mungu hana saa."

"Hongereni sana! Elimu haina mwisho. Karibuni tena siku nyingine, leo tuna mgeni mkubwa..."

"Tuanze kwa sala," alisema mama mkwe.

Wale saba wakainamisha vichwa. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sufuria naye akainamisha. Karani alitazama saa, akatazama mlango, kisha akafumba macho, kwa sababu kuna watu wawili mtu hawezi kuwafumbulia macho wakisali: mama yake na mama wa mke wake.

"Ee Mungu," alisema yule mama, "uliyetuchelewesha kusoma lakini hukutusahau, mpe mkwe wangu moyo mwepesi na mikono myepesi. Amina."

"Amina," walisema wote, na karani alishtuka kusikia sauti yake imo.

Mama mkwe akatoa kimashine, akakiweka juu ya kaunta. Kilionekana kidogo kuliko sidiria ya mwanasesere. "Nimebadili nia," alisema. "Nakirudisha."

"Mama," karani alishusha sauti, akainama mpaka akakaribia kulala juu ya kaunta. "Haya ni mambo ya familia. Tungeyaongea nyumbani."

"Nyumbani sikununua kitu. Nilinunua hapa."

"Sawa, sawa. Lakini sanduku? Hatupokei bila sanduku lake, lenye lebo yake."

Hapo alijua amemshika. Fundi yeyote wa nguo akiona kadibodi nzuri haitupi. Huikata vipande vya vipimo, mkono, kola, kifua, awe anavilaza juu ya kitambaa anapochora kwa chaki. Karani alikuwa amekaa nyumbani kwa mama mkwe mara nyingi akiona vipande hivyo vimening'inia msumarini kama mishikaki.

Mama mkwe hakushtuka. Alichomoa mfukoni kitu kikubwa, akakisimamisha. Lilikuwa sanduku. Au lilikuwa limekuwa sanduku, likakatwa, kisha likarudishwa kuwa sanduku kwa uzi wa magunia, mshono kwa mshono, nyoofu kama reli. Ubavuni lilikuwa na mzunguko wa kwapa. Kwa juu lilikuwa na mabega.

"Nililikata Jumamosi kabla sijaijaribu mashine," alisema. "Kosa langu. Nikalishona jana. Lebo ndiyo hiyo, kwenye kola."

Mlinzi wa benki alikohoa ili asicheke. Karani aliligeuza sanduku, akitafuta kasoro. Mabega yale yalikuwa na kitu anachokijua. Bega la kushoto liliteremka kidogo kuliko la kulia, kama la mtu aliyebeba mifuko ya shule upande mmoja tangu utoto.

"Mama, haya mabega ni ya nani?"

"Yako, mkwe. Mke wako aliniambia unapewa cheti. Nikasema hataenda makao makuu na shati la dukani."

Karani aliligusa lile bega lililoteremka. Lakini kiti kinachozunguka kilikuwa bado kinazunguka kichwani mwake, na mazoea yana nguvu kuliko aibu. Mdomo wake ukasema wenyewe: "Tatizo, mama, ni fomu."

"Fomu," alirudia mama mkwe polepole. Akavaa miwani, akatoa kioo cha kukuzia anachotumia kutunga uzi kwenye sindano, akatoa na risiti yake, akaigeuza nyuma. Nyuma kule kulikuwa na maandishi madogo kama miguu ya sisimizi. Soko liliyaweka kule kwa sababu sheria ilitaka yawekwe, na kwa udogo ule kwa sababu sheria haikusema yasomeke.

"Mwalimu alituambia kila mtu alete darasani maandishi yoyote ya nyumbani kwake. Mimi nilileta haya. Tumeyasoma wiki nzima." Akaweka kidole. "Mnunuzi..."

"Mnunuzi!" walifuatisha wenzake saba kwa pamoja, maana ndivyo walivyozoea: mmoja anasoma, darasa linafuatisha.

"...ana haki ya kubadili nia..."

"...ANA HAKI YA KUBADILI NIA..."

"...ndani ya siku saba tangu kupokea mzigo..."

"Tangu KUPOKEA!" alikazia muuza maziwa peke yake. "Si tangu kuagiza! Mimi ulinihesabia tangu kuagiza!"

"Ngoja nukta, ndugu yangu," alisema mama mkwe. "...bila kutoa sababu."

"...BILA KUTOA SABABU!"

Mteja wa sufuria naye alifuatisha, na alipomaliza aliitazama sufuria yake kwa jicho jipya.

Ni wakati huo meneja wa kanda alipoingia, cheti mkononi, viatu vya kisigino vikilia ko, ko, ko, halafu vikanyamaza. "Hii ni kwaya?"

"Ni wateja, madam," alisema karani.

Meneja alisoma chumba kwa kutupa jicho mara moja. Akazunguka kaunta, akatabasamu kwa wote na kumnong'oneza karani bila kutikisa midomo: "Kompyuta iharibike. Mpaka saa kumi na moja tu. Kesho ni siku ya nane, na wewe uko makao makuu."

Karani alipeleka kidole kwenye swichi ya kompyuta. Kidole kilikuwa kimezoea njia. Kingefika hata gizani.

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe, sasa kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Jumapili uliponiambia fomu zimeisha, nilikuhurumia. Nikasema, maskini, mtoto wa watu anafanya kazi bila vifaa. Jioni nikawaomba hawa tuziombee."

"Mziombee nini?"

"Fomu. Zije."

"Tumeomba siku tano," alisema mlinzi wa benki. "Jumatano nilifunga."

Kidole kilisimama. Karani alikuwa amewahi kuzomewa, kutukanwa, kutupiwa pasi iliyokufa, na yote hayo yalimpita kama maji mgongoni mwa bata. Lakini kuombewa! Watu wanane wamepiga magoti kwenye sakafu ya darasa, baada ya kazi, wamefumba macho kwa ajili ya karatasi ambazo zimo kwenye droo, sentimita kumi kutoka kwenye goti lake.

"Zima," alinong'ona meneja.

Karani akavuta droo. Ilikataa, maana haikufunguliwa mwaka mzima; akaivuta kwa mikono miwili, ikatoka kwa kishindo. Ndani mlikuwa na fomu za kurudisha mizigo, bunda juu ya bunda, bado na kamba zake.

"Zimeshuka!" alipiga kelele muuza maziwa. "Jamani, zimeshuka!"

"Asante Mungu," alisema mlinzi, na machozi yalimlengalenga kweli.

Mama mkwe alisogea karibu na droo. Alizitazama zile kamba zilizokauka, vumbi lililolala juu yake, kisha akamtazama mkwe wake, na miaka thelathini ya kutambua mshono wa uongo ilikuwa ndani ya jicho lile. Karani angependa kuzabwa kofi.

Akaijaza fomu. Alipofika kwenye mstari wa sababu, palikuwa na visanduku vitatu vya kuchagua: Mteja hakuelewa. Mteja ameharibu. Mteja ana haraka.

"Nitie wapi alama, mama?"

"Popote utakapotia si kweli."

Akavikata vyote vitatu kwa kalamu, akaandika kando: Haki yake. Akapiga muhuri. Ulikuwa umekauka; akaupumulia, akapiga tena mpaka ukashika. Meneja alikisukuma cheti kwapani, fremu ikachungulia kama kuku aliyeibwa, na barua ya makao makuu haikutoka tena kwenye mkoba.

"Soko letu," alitangaza meneja kwa uso mpya, kwa sababu mtu mmoja alikuwa amenyanyua simu kupiga picha, "daima limeheshimu wateja."

"Basi na mimi nina viatu," alisema mlinzi wa benki, akivitoa, vyote viwili vya mguu wa kushoto.

Foleni ikajipanga. Karani alikwenda ubaoni, akafuta 364, akaandika sifuri. Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameshikilia lile sanduku lenye mabega yake na hataki kuliachia.

"Shati nitakushonea, mkwe. Kitambaa nilishanunua. Lakini nataka kujua namshonea nani. Yule wa ubaoni, au huyu aliyefungua droo?"

"Huyu, mama."

"Sema basi wasikie. Mimi masikio yamezeeka, hawa watanikumbusha."

Karani akatazama foleni, akamtazama meneja, ambaye ghafla alikuwa anausoma mwavuli wake kama gazeti. Akaweka mkono juu ya bunda la fomu na kusema kwa sauti, kipande kwa kipande, na darasa zima la jioni likamfuatisha neno kwa neno, na mtu wa sufuria pia:

"Mbele ya mama mkwe wangu, na mbele yenu nyote, naahidi: mtu akinijia ndani ya siku zake saba, sitamuuliza kwa nini, sitamwambia kesho, na droo hii haitafungwa tena."