Jina la Rosette kwenye Skrini ya Roger

Jumamosi saa nne asubuhi, Rosette Etabo alikuwa uani kwake Baraka, wilayani Fizi, akichambua ndagala, wale dagaa wa ziwani, Kapiteni Ketsia alipobisha hodi. Alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Uvira, mwembamba kama karatasi ya daftari, mwili umezungukwa na mstari mweusi, vidole vinne kila mkono kama alivyochorwa. Mwenye pikipiki alikuwa amemfunga kamba ili asichukuliwe na upepo.

Kwa miaka tisa Rosette alikuwa akiiandikia televisheni moja ya Kinshasa katuni na vipindi vya anga za juu. Alianza na roboti anayelima mihogo, akafika kwa huyu Ketsia, msichana anayerusha chombo chake kutoka rasi ya Ubwari hadi kwenye sayari za watu wenye macho matatu. Aliandika kwa mkono, akapiga picha kurasa, akapanda kilimani kutafuta rezo ya simu ya kuzituma. Miaka yote hiyo jina lake halikuonekana mwisho wa kipindi hata mara moja. Safari hii mtayarishaji, Papa Alphonse, alikuwa ameahidi kwamba litaonekana.

"Karibu, mutoto wangu. Umekula?"

"Hapana, mama. Habakunichorea tumbo."

Rosette akachukua daftari na kuandika: Ketsia anakula fufu na sombe mpaka anashiba. Ketsia akala, akashiba, akaomba na ndagala. Hao ikabidi waongezwe pembeni mwa ukurasa.

"Mama, nilipita pale majina inapitaka ku mwisho," alisema. "Ya kwako haiko."

Rosette aliumia sana. Akampigia Alphonse simu.

"Usikasirike, Mama Rosette," Alphonse alisema. "Bantu batacheka. Nani ataamini kama mambo ya sayari inatokaka Fizi?"

Ketsia alisikia yote. Akajifuta midomo, akaomba kalamu.

Saa kumi jioni banda la video la Roger lilikuwa limejaa pomoni. Kwenye skrini Ketsia alikuwa akiokoa sayari. Kwenye benchi Ketsia alikuwa akilalamikia nywele walizomchorea. Majina yalipoanza kupita, aliinuka, akawaomba radhi waliokaa huku akipita mbele ya magoti yao, akaingia ndani ya skrini. Akaandika ROSETTE ETABO kwa mwandiko uliopinda, juu kabisa ya jina la Alphonse.

"Usinikwaruzie televizio," Roger alisema.

Watu wakapiga makofi. Mama Constance, anayeuza mandazi mlangoni, alipiga vigelegele, kisha akamuuliza Rosette kwa nini yule malkia wa macho matatu bado hajaolewa. Rosette alicheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka tisa hakuna aliyekuwa amemuuliza swali kuhusu kazi yake.

Siku hizi Ketsia anakaa kwa Rosette. Kila Jumamosi huingia ndani ya skrini ya Roger kuliandika jina upya, maana kila wiki majina huja bila lake, na hapo kwa Roger hakuna anayethubutu kusimama kabla hajamaliza. Malkia ameshapata mchumba kwenye kurasa mpya. Papa Alphonse amepokea kurasa hizo, amezisifu, ameomba nyingine kumi.

Bukavu na Kinshasa wanakipenda mno kipindi hicho. Huko, mpaka leo, hakijaandikwa na mtu yeyote.