Maneno Yaliyosemwa Emanueli Akiwa Nje

Kabla hakujapambazuka nilisikia kijiko kikigonga kikombe jikoni, taratibu, mtu akikoroga huku anajitahidi kisipige kelele. Alikuwa Anitha, mjukuu wangu. Aliamka kuniwashia moto ili nikitoka kitandani nikute chai tayari, maana anajua magoti yangu na baridi ya Gare, kijiji chetu cha mlimani, haviivani. Chuo hakijamharibu. Wasiwasi wangu ulikuwa kwa yule aliyekuja naye, ambaye saa hiyo alikuwa anakoroma chumba cha pili chini ya mablanketi yangu mazuri yote.

Anaitwa Emanueli, kijana wa Tanga mjini. Anasoma na Anitha chuo kikuu, sayansi ya data na akili mnemba, mwaka wa mwisho. Jana yake alifika na viatu vyeupe, akasimama mlangoni, akaniambia, "Habari za hapa?" Mimi, mwenye wajukuu wa umri wake. Nikamjibu nzuri, nikampa kiti. Alikifuta kwanza.

Kazi waliyopewa ni kuifundisha kompyuta isikie Kishambaa, lugha yetu ya hapa, na kukielewa. Ili ijifunze, lazima isikilizishwe watu wengi wakiongea, kisha kila sentensi iandikwe, na pembeni yake maana yake kwa Kiswahili. Wiki inayofuata walikuwa wanakwenda kusimama mbele ya maprofesa. Wasipokuwa na sauti za kutosha wanarudia mwaka. Anitha aliniambia hayo akitazama chini, na nikaona ametafuna kucha mpaka nyama.

"Usijali," nikamwambia. "Maneno hapa hayajawahi kuisha."

Nikawaita Klara, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na Rehema wa kule bondeni, ambaye hata akikohoa utadhani anasimulia. Walikuja asubuhi hiyo wamevaa kanga mpya. Emanueli akawapanga sebuleni kama wanafunzi, akaweka kipaza sauti mezani, akajiziba masikio kwa vidude vya kusikilizia. Alisema yeye ndiye kiongozi wa kundi. Kundi lenyewe ni watu wawili.

"Elezeni mnavyopanda maharage," akasema. "Ongeeni kawaida. Msiogope mashine, haiumi."

Klara aliwahi kubishana na mkuu wa wilaya hadharani. Alimtazama kijana yule kwa upole mwingi, akaanza kueleza maharage. Rehema akapokea. Nami nikatia langu. Tuliongea mpaka jua likawa utosini, Anitha akitutilia chai, Emanueli akitazama saa yake na mistari ya sauti kwenye kompyuta, maneno yenyewe hayafuati. Rehema alipocheka katikati ya sentensi, alimwinulia kidole.

"Bibi, tafadhali. Kicheko ni uchafu kwenye data."

"Pole, baba," Rehema akasema. Rehema ana adabu.

Chakula cha mchana alikula viazi, mboga akaisogeza pembeni ya sahani. Kisha akafungua kompyuta asikilize. Nilikuwa naosha vyombo nikamsikia akiita.

"Anitha. Njoo usikie. Hiki ni Kiswahili."

Anitha akasikiliza. Akasogeza mbele, akasikiliza tena. Yote yalikuwa Kiswahili, tangu kuchambua mbegu mpaka kupukuchua. Mjukuu wangu akakaa chini.

"Sikugundua," akasema. "Nilikuwa hapohapo, wala sikugundua."

"Umenileta huku mlimani kwa watu wasioongea lugha yao," Emanueli akasema. "Hongera sana."

Jambo lenyewe halikuwa la kushangaza. Hapa kwetu mgeni asiyejua Kishambaa akiwa amekaa na nyinyi, hamkisemi. Kuongea mbele ya mtu kwa lugha asiyoijua, yeye akikodoa macho tu, ni kumfukuza bila kumwambia atoke. Kwa hiyo tukamtunza. Kila alipotutazama, Kiswahili kilikuja chenyewe. Anitha amelelewa humu humu. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba sikio lake halikulishika. Tulimstahi mtu tukaharibu kazi yake, na heshima yenyewe alikuwa hajaiona.

Nikakausha mikono nikamweleza hivyo. Alinisikiliza nusu.

"Ipo njia nyepesi," akamwambia Anitha. "Unakijua Kishambaa. Ongea wewe peke yako usiku kucha, ipo programu ya kugeuza sauti. Mara uwe bibi, mara babu, mara mtoto. Maprofesa watajuaje?"

Anitha akang'ata ukucha. Nilimwona anaipima ile njia, nami nikaogopa, kwa sababu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huikubali njia yoyote. Kisha akanitazama.

"Bibi, kesho wale watakuja tena?"

"Watakuja," nikasema. "Ila huyu atakaa nje."

"Mimi ndiye kiongozi," Emanueli akasema.

"Nje kuna kuku, baba. Kawaongoze."

Kesho yake ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Nilimpa kiti cha uani, karibu na mkeka wa maharage yangu yaliyokuwa yakisubiri jua, nikampa na koti la marehemu mume wangu, kwa sababu dharau ni jambo moja na homa ya mapafu ni jingine. Anitha akaweka kipaza sauti mezani, akakaa sakafuni miguuni pangu. Halafu Klara akavuta kanga yake, akaanza kwa Kishambaa, na hakuanza na maharage.

Alisema ameona watu wengi wakipita njia ile, lakini hajaona mtu anayetembea kama miguu ameiazima na mwenyewe anaisubiri. Rehema akasema viatu vile vyeupe vinamwomba udongo msamaha kila hatua. Nikasema amekifuta kiti changu. Hapo wakashika vichwa. Klara akasema labda chuoni wanafundishwa kukaa hewani. Rehema akauliza, mtu anayekataza watu kucheka kazini, akifika kwake anacheka na nani? Tukamjadili mama yake kwa huruma, mwanamke wa watu huko Tanga, alivyohangaika kuzaa. Tukamtafutia mke, tukamkosa. Tukarudi kwenye viatu. Anitha alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga yangu, mabega yanatikisika, na sikumbuki mara ya mwisho kumwona hivyo tangu aende chuo.

Mvua ilianza bila kutupigia hodi. Rehema ndiye aliyeinuka kwenda dirishani.

"Maharage yako," akaniambia, kisha akakaza macho. "Ngoja. Ameyaanua."

Tukaenda wote kuchungulia. Emanueli alikuwa anauburuta mkeka kuelekea barazani, kinyumenyume, amelivua koti na kuyafunika maharage kwalo, yeye mwenyewe analowa. Punje zilizomwagika aliinama akaziokota. Hakuna aliyemtuma.

"Anaokota kama mtu anayeshika nyoka," Klara akasema.

"Lakini anaokota," nikasema.

"Anaokota," akakubali. Hayo nayo yamo kwenye kipaza sauti.

Jioni Emanueli akasikiliza, nywele bado mbichi. Uso wake ukang'aa.

"Hii ndiyo data," akasema. "Safi kabisa. Wana hisia. Wanazungumzia nini, kilimo?"

"Mambo ya hapa," Anitha akasema.

Akanifuata jikoni. Alisema lazima kila sentensi aiwekee Kiswahili chake. Akiandika kilimo, kompyuta itajifunza uongo, na yeye atasimama mbele ya watu kuutetea. Akiandika kweli, Emanueli atasoma, na sauti zote zimo kwenye kompyuta yake. Kidole kimoja tu, zimefutika.

"Wewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka kumaliza, Bibi. Lakini nataka kiwe kitu cha kweli."

"Basi andika tulivyosema. Sisi tutavumilia aibu yetu."

Akaandika mpaka nilipokwenda kulala.

Asubuhi, Klara na Rehema wakiwa wamekuja kuaga, Emanueli alisoma. Nilikuwa nakunja mablanketi. Alisoma ukurasa, akarudi juu, akasoma tena, na masikio yake yakawa mekundu kama udongo wa njiani.

"Nilidhani nyinyi mnaheshimu wageni," akasema.

"Ulikuwa nje," nikasema.

Akaweka kidole kwenye kompyuta. Anitha akawa amesimama mlangoni, begi begani.

"Futa," akamwambia. "Futa, tukarudie mwaka wote wawili. Za kugeuza sauti sifanyi."

Kidole kilikaa pale. Chungu changu cha uji kilichemka na kushuka. Kisha kijana akakiondoa, akakitia mfukoni pamoja na mkono wake.

"Hili la miguu ya kuazima," akauliza, "nani alisema?"

"Mimi," Klara akasema.

"Nitasimama mbele ya maprofesa nisome hili kama mfano?"

"Soma kwa sauti," Rehema akamshauri. "Na usicheke katikati. Ni uchafu."

Anitha alicheka. Emanueli hakucheka, ila alifunga kompyuta kwa mikono miwili, kwa uangalifu kuliko nilivyomwona akifunga kitu chochote kwangu, mlango ukiwemo. Hajawa mtu mwingine. Uji wangu aliuonja akauacha. Lakini zile sauti zilikuwa nzima, na mjukuu wangu alikuwa anashuka mlima akiwa na kazi yake ya kweli.

Tuliwasindikiza mpaka barabarani. Gari la Lushoto lilipotokea kwenye kona, Klara alimpachika Emanueli mfuko wa mapeasi, akamfunga na kifungo cha juu cha shati kama anayefunga mtoto wa shule.

"Uje tena, baba," akamwambia. "Hatujamaliza kukusema."