Bakuli Lililorudi Tupu

Hasnain alikuwa na neno moja la kumwambia mwenyekiti wa kijiji, na alilibeba tangu Tabora mjini kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Alitaka kuomba ahamishiwe pale, afundishe shule ya kijiji, akae na watu, alime nao, aache kuitwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Hilo ndilo lililomfanya ajiandikishe kwenye safari ya walimu ya kupanda Mlima Igembe. Mlima wenyewe, tuseme kweli, hakuwa na haja nao.

Nyumbani kwao, mtaa wa Chemchem, Wahindi walikuwa wakihama mmoja mmoja na mambo yalikuwa yamevurugika. Baba yake, Mzee Premji, alishafunga nusu ya duka, kaka mkubwa alishatangulia Kanada, na mama yake, Nurbanu, alikuwa akifungia vyombo kwenye magazeti, sahani moja moja, huku machozi yanamtoka. "Sisi tunaondoka. Wewe unabaki na nani?" alimuuliza. Hasnain akamjibu kwa sauti ya mkutano wa hadhara kwamba anabaki na wananchi wenzake. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu wanahamishiwa vijijini, na ualimu wa kijana huyu ulikuwa bado mbichi, kwa hiyo maneno makubwa yalimtoka kirahisi. Mama yake alimtazama, akaendelea kufunga sahani.

Basi wakashuka kwenye lori njia ya Nzega, walimu watano na kiongozi wao wa safari, Lugembe. Huyu alikuwa mtu mrefu, mwingi wa maneno, ambaye babu yake alikuwa mpagazi enzi za misafara, na hakumwacha mtu yeyote asahau jambo hilo. Waliiacha barabara wakaifuata njia ya kale, ile iliyopitisha pembe za ndovu kwenda pwani na majora ya nguo kurudi bara. Lugembe alitangulia akieleza. Hapa walipiga kambi, hapa palikuwa na kisima, hapa babu aliutupa mzigo chini akamwambia Mwarabu abebe mwenyewe. Walimu wakacheka, wakasahau malengelenge. Hasnain alimdokeza Lugembe lile neno lake la kuhamia kijijini, akasema atamwambia mwenyekiti mwenyewe wakishateremka mlimani.

"Na kule juu ni kesho alfajiri," alisema akiunyooshea mlima fimbo. "Leo tunalala kwa wenyewe. Kila mtu nyumba yake. Msinitie aibu."

Hiyo "msinitie aibu" ndiyo elimu yote aliyowapa juu ya kulala ugenini. Baada ya hapo akaenda zake kutafuta pombe.

Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari kama madawati, na udongo wa kuta ulikuwa haujakauka vizuri. Watu walihamishiwa pale katikati ya mavuno, wakaacha maghala kwenye maboma yao ya zamani. Waliporudi kuchukua mtama wakakuta mchwa na ng'ombe wameshagawana. Habari hiyo Hasnain aliisoma gazetini, ila gazetini ilikuwa na furaha zaidi.

Mwenyekiti akawagawa wageni, na Hasnain akaangukia kwa Kashindye na mkewe, Minza. Minza alimpokea kwa kupiga magoti na makofi ya taratibu, akamwita mwalimu. "Shikamoo, mama," alisema Hasnain. Minza, ambaye hakuwa amemzidi umri kwa mengi, alicheka kidogo akaitikia marahaba. Wakamletea kiti, wao wakakaa mkekani. Akakikataa kiti, akataka mkeka. Wakamsihi, akakataa, wakamsihi tena, mwishowe akakaa kwenye kiti, amenuna kama mtu aliyenyimwa.

Jua lilikuwa bado halijazama chakula kilipoletwa. Ulikuwa ugali wa mtama na bakuli la nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga. Kuku hakuonekana, na Hasnain akashukuru, maana njia nzima alikuwa akijiuliza atachinja nani. Kashindye alinawa pamoja naye, akamega matonge machache, akajilamba vidole, akasema ameshiba. Hasnain alishangaa mwanamume mwenye mabega yale kushiba upesi hivyo. Akadhani ana maradhi ya tumbo, akamwonea huruma.

Sasa hapa lazima tumwelewe huyu kijana. Kwa Nurbanu, kurudisha sahani jikoni ikiwa na chakula ni kumwambia mpishi hajui kupika. Tangu utotoni Hasnain alikalishwa mezani mpaka dengu ya mwisho iondoke, wenzake wakiwa wameshatoka kucheza. Kwa hiyo akala. Alikula kwa nia safi kabisa, akalipangusa bakuli kwa tonge la mwisho, akaliweka chini linang'aa, akamtazama mama mwenye nyumba kama mwanafunzi aliyepata hesabu zote.

Minza alilitazama bakuli. Akamtazama mumewe. Kisha akaliokota, akatoka nalo.

Punde mchi ukaanza kupiga kinuni huko nyuma ya nyumba. Hasnain akafikiri ni majirani. Akaendelea kuzungumza na Kashindye habari za mbolea, ambayo wote wawili hawakuwa nayo, na Kashindye alimjibu kwa adabu huku sikio lake liko uani. Muda ukapita, Minza akarudi na ugali mwingine unaofuka mvuke, na bakuli limejaa tena.

Hasnain alishtuka. Tumbo lilikuwa limeshakaza kama ngoma. Lakini angefanyaje? Akila nusu na kuacha nusu, si atakuwa amesema kile cha kwanza kilikuwa kitamu na hiki kibaya? Akamkaribisha Kashindye, Kashindye akarudia kuwa ameshiba, safari hii kwa sauti nyembamba. Basi akala peke yake. Mwisho alikuwa anasukumia kwa maji. Akamaliza, akapangusa.

Na mchi ukaanza tena.

Minza alipoingia mara hii, alitembea kama mtu aliyetoka kuteka maji mbali. Hasnain alifungua kifungo cha suruali chini ya shati, akasema bismillahi kimoyomoyo, akala kwa ajili ya taifa lake. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Alijiambia kwamba kijiji hakijengwi na watu wanaodeka, na kwamba wanaume wa namna ya babu yake Lugembe walibeba pembe mpaka Bagamoyo, yeye ashindwe na ugali? Akamaliza. "Wabeja, mama," alisema, asante ya Kinyamwezi aliyofundishwa njiani, "wabeja sana." Halafu akajitupa kitandani kabla hajaulizwa neno, akalala usingizi wa chatu. Alilala akiwa na furaha. Hakuwahi kujiona mwananchi kama jioni ile.

Usiku ule mvua ya kwanza ikanyesha, nzito, na hakuisikia.

Alfajiri walimu wakaupanda mlima, Lugembe mbele, macho mekundu ya pombe lakini miguu mizima. Njia ilipita kwenye miyombo iliyolowa, kisha ikawa mawe matupu ya kukwea kwa mikono. Hasnain alikuwa wa mwisho, mzito, anahema, na bado anatabasamu. Walipofika kileleni jua lilikuwa limepanda, na nchi yote ilikuwa chini yao, nyekundu na mbichi, njia ya misafara imepita katikati kama mshono. Mashambani kulikuwa na watu, familia nzima nzima, wameinama.

"Wanafanya nini?" aliuliza Hasnain.

"Wanapanda mtama. Mvua imekuja."

Walimu wenzake walikuwa wamejilaza kwenye mawe. Hasnain akaona ndiyo nafasi ya kumpa Lugembe habari njema. "Jana nimewaheshimu wenyeji wangu, utanipenda," alisema. "Mama kaleta chakula, nimemaliza. Kaleta kingine, nimemaliza. Kaleta kingine tena."

"Ukafanyaje?"

"Nikamaliza! Sikubakiza hata punje."

Lugembe alicheka kwa sauti, akapiga paja, akangojea sehemu ya mwisho ya utani. Sehemu hiyo haikuja. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Mwalimu, niambie unatania."

"Wallahi sitanii."

"Mgeni huku akishiba anabakiza," alisema Lugembe polepole. "Kile kinachobaki ndicho wanachokula mama na watoto. Bakuli likirudi tupu, mgeni amesema bado ana njaa. Na yule mama hawezi kukuacha na njaa nyumbani mwake. Atapika tu."

"Atapika mpaka lini?"

"Mpaka ubakize."

"Lakini mimi sikuona watoto," alisema Hasnain.

"Hukuwaona kwa sababu walikuwa jikoni wanakungoja umalize."

Upepo ulikuwa unavuma, wala hakuusikia. Alikumbuka tonge la mwisho la kila bakuli, alivyolizungusha pembeni ili asiache alama. Alikumbuka alivyomkaribisha Kashindye kula, kwa ukarimu, chakula cha watoto wa Kashindye. Lugembe alikuwa ameshakunja uso, anatazama chini kijijini.

"Na mtama wenyewe wameupata wapi?" alijisemea Lugembe. "Ghala la Kashindye liliishia kule kwenye boma la zamani. Alichohama nacho ni mbegu tu." Akalitafuta shamba la Kashindye kwa macho. Hasnain naye akalitafuta. Mashamba yote yalikuwa na watu. Moja, lililo karibu na mwamba mkubwa, lilikuwa limelimwa vizuri sana, na halikuwa na mtu.

Aibu ilimpanda Hasnain kuanzia tumboni, palepale alipouweka ule mtama. Ilikuwa aibu ya mwili mzima, ya kumfanya atamani kutapika na kurudisha. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno baya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ningewaambia jana," alisema Lugembe, na kwa mara ya kwanza hakumtaja babu yake. "Na mimi nina kosa."

Waliteremka bila hadithi. Kashindye walimkuta mbele ya nyumba ananoa jembe ambalo lilikuwa kali tayari. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na juu ya mafiga Hasnain aliona kamba nyeusi za masizi zikining'inia bila kitu. Ndipo masuke ya mbegu yanapofungwa, yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Watoto watatu walikuwa wamekaa chini, wanamtazama yule mtu anayekula.

Minza alipomwona Lugembe alimvaa kwa Kinyamwezi. Alimkoromea, akapiga makofi mbele ya uso wake, akamwonyesha kamba, akamwonyesha shamba, na Lugembe, mjukuu wa mpagazi, akasimama kichwa chini anapokea. Hasnain hakuelewa maneno yote, lakini aliyaonea wivu. Alitamani yangekuwa yake. Halafu Minza akamgeukia yeye, na uso ukabadilika, ukawa laini.

"Umeamkaje, mwalimu? Mlima haukukuchosha?"

"Mama, nisamehe," alisema Hasnain. "Sikujua. Usimgombeze Lugembe. Nigombeze mimi."

"Nikugombeze kwa lipi? Mgeni amekula."

"Nitaleta mbegu kutoka mjini."

Kashindye aliinua uso. "Mjini mna mbegu ya mtama wetu?" aliuliza, bila kejeli, kama mtu mwenye tumaini. Hasnain akalikumbuka duka la baba yake, viberiti na kamba za viatu kwenye rafu, na foleni ya watu wanaosubiri unga wa njano wa msaada. Akatikisa kichwa. Lugembe akasema kwa haraka kwamba majirani watachangia, kila nyumba kiganja. Ni kweli wangechangia. Lakini Minza ndiye angepita na ungo mtupu, nyumba kwa nyumba, siku ya kupanda, akieleza mbegu zake zimekwenda wapi.

Minza akaingia jikoni, akatoka na kifurushi cha jani la mgomba, akampa kwa mikono miwili. "Za njiani," alisema. "Safari ni ndefu, na wewe una tumbo la kazi." Kilikuwa cha moto bado. Hasnain alifungua kidogo, akaona karanga, safi, zilizochaguliwa moja moja, kubwa zote, na zimekaangwa. Alielewa zilikuwa za nini kabla hazijakaangwa. Kurudisha hakuweza, na kupokea hakuweza, akabaki amezishika.

Ndipo mwenyekiti akaja kuwaaga wageni, suruali imerowa matope mpaka magotini, mchangamfu kwa ajili ya mvua. Alimshika Hasnain mkono akautikisa.

"Mwalimu! Lugembe kaniambia jana kwenye pombe. Unataka kuhamia kwetu! Shule yetu ina mwalimu mmoja na yeye anaumwa. Nitaandika leo hii. Nyumba ya mwalimu haijajengwa, lakini hilo lisikutie wasiwasi, utakaa hapahapa kwa Kashindye. Mmeshazoeana." Akamgeukia mama mwenye nyumba. "Au siyo, Minza? Mwalimu akae kwenu mpaka tumjengee?"

Lilikuwa ndilo neno lake lilelile, lile la mfukoni, sasa linatolewa na mwenyekiti mwenyewe mbele ya watu. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu.

Minza alipiga magoti kwenye tope. "Karibu, mwalimu," alisema. "Nyumba ni yako." Alisema vizuri, kama inavyotakiwa. Lakini mkono wake ulikuwa umemvuta mtoto wa karibu, ukambana kifuani.

"Hapana, mwenyekiti," alisema Hasnain. "Lugembe alinielewa vibaya. Nilikuwa na neno la kushukuru tu. Mimi naondoka na wazazi wangu."

Minza akashusha pumzi. Aliishusha kwa sauti, mbele ya wote, kabla hajaweza kuizuia, na kila mtu akaisikia. Kisha akaufunika uso wake kwa khanga kwa aibu, yeye ambaye hakuwa na kosa lolote, na hakuufunua mpaka wageni walipoondoka.