Tundu la Milimita Sita

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya pili ya safari, waendesha baiskeli kumi na wawili wa klabu ya wastaafu walifika daraja la Mto Kolpa, pale Slovenia inapokwisha na Kroatia inapoanza. Tangu vizuizi viondolewe, kibanda cha polisi wa mpaka kilikuwa kimegeuzwa mkahawa, na dirisha lililokuwa likipokea pasipoti sasa lilitoa bureki, maandazi ya tabaka yenye jibini, na mtindi. Tairi la mbele la Nurija Bešić liligusa mstari mweupe katikati ya daraja, likaisha upepo.

Zdenka Plut, fundi wa msafara na mfungaji wake, yaani anayekaa nyuma ya wote, alishuka, akachomoa mpira wa ndani, akauzungusha karibu na macho. Tundu lilikuwa duara safi. Alibandika kiraka, akangoja solusheni ikauke, akajaza upepo. Nurija akasukuma hatua moja. Pssss.

"Umejaza kupita kiasi," alisema Lojze, kiongozi wao, bureki mdomoni.

"Kula, Lojze. Kula tu."

Kufikia kiraka cha saba wenzao walikuwa wamevua helmeti na kuagiza kahawa ya pili. Hakuna aliyetaja kumwacha. Kanuni ya klabu ni kwamba mfungaji huhesabu watu kwa sauti kila kituo, na hakuna anayekanyaga pedali hesabu isipotimia. Kule Austria waliwahi kunyeshewa saa mbili wakimngoja mtu aliyekwenda kukojoa akapotelea kwenye mahindi. Wala hakuna aliyeshangaa. Nurija alishawaambia: alipojaribu kuvuka kwa basi, matairi yote yalitoboka hapo darajani na dereva akamwomba kwa adabu ashuke. Kwa miguu zilitoboka soli, akarudi kabla ya zamu ya nyayo. Alidhani baiskeli, kwa wepesi wake, ingepenya.

Mbele, mwendo wa siku moja na nusu, huko Bosnia, kulikuwa na kaburi la mama yake. Hajawahi kuliona. Mwaka tisini na mbili, baada ya Slovenia kujitenga, watu waliozaliwa kwenye jamhuri nyingine za shirikisho la zamani, ambao hawakuwahi kuomba uraia, walifutwa kwenye daftari la wakazi bila kuambiwa. Nurija, aliyechomelea vyuma vya nusu ya madaraja ya wilaya ile, aliitwa ofisini kusahihisha anwani. Akatoa kitambulisho kwa mkono wake mwenyewe, kikarudi kimetobolewa kwa mashine, batili. Mwaka uliofuata mama alikufa. Kama angetoka kwenda kuzika, asingeruhusiwa kurudi kwa mke na watoto. Hakuzika. Huo ni unyama, na ulifanywa na watu waliovaa nadhifu, kati ya kahawa ya asubuhi na chakula cha mchana. Miaka kumi na minane baadaye alipewa kitambulisho kipya. Kililala mezani kizima, kikaamka na tundu. Alipewa vingine vinne, vyote vikawa hivyo hivyo, mwisho ofisi ikamwandikia barua ya kumtaka awe mwangalifu zaidi.

Zdenka alipima tundu la nane kwa rula.

"Milimita sita," alisema. "Naijua hiyo mashine. Ilikuwa mezani kwangu, dirisha la tatu."

"Najua. Ulikuwa umevaa sweta ya njano. Ukaniambia siku njema."

"Umejua miaka yote hii, na kwangu unakuja kula?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Zdenka alijifuta solusheni vidoleni. "Waraka ulitoka juu, Nurija. Mimi nilikuwa karani tu. Ningefanyaje?"

"Ungeninong'oneza nisikitoe. Neno moja tu, Bi Zdenka. Dirishani tulikuwa wawili."

Zdenka aliinamia boksi lake. "Viraka vimeisha," alisema.

Lojze alitazama saa. Chakula cha mchana kilikuwa kimeagizwa ng'ambo, kilomita arobaini mbele. "Bwana Nurija, hilo birika unalompelekea mama yako, tupe basi. Tutakuwekea kaburini."

Lilikuwa birika dogo la shaba la kuchemshia kahawa, limefungwa kwenye keria. Zdenka, aliyekuwa karibu, alinyoosha mkono kulipokea.

"Wewe hapana," alisema Nurija. "Mkono huo niliwahi kuukabidhi kitu."

Akalifungua mwenyewe, akaenda nalo kukaa kwenye kizingiti cha mkahawa. Wenzake wakavuka mmoja mmoja, matairi yao mazima kabisa.

Ng'ambo, Zdenka alitoa karatasi ya majina. Kwenye mstari wa tano palikuwa na tundu duara. Lami ilionekana kupitia hapo. Alihesabu kwa sauti, kama kanuni inavyotaka, akaishia kumi na moja. Akageuka kutazama daraja. Nurija alikuwa amewasha jiko lake dogo la gesi na birika lilikuwa linafuka mvuke.

"Tumetimia," alisema Zdenka.

Hakuna aliyembishia. Wakakanyaga pedali.