Mtani Asiyejibu

Mgeni akiwa Mfulani, kazi yangu ya kwanza ni kumtukana. Mimi ni Matenin Ballo, binti wa ukoo wa wahunzi, na wahunzi na Wafulani ni watani tangu enzi za babu wa babu zetu. Wenzangu katika kamati ya kupokea watu wanaovuka mto kutoka Bukina wana kazi zao: Makoura anagawa mikeka, mke wa imamu anawaonyesha pampu, mahali pa kufulia, na wazee wa kusalimiwa kwanza ili mtu asionekane ana kiburi. Hakuna anayetulipa. Mimi nauza uji wa uwele na vitumbua njiapanda ya soko, kwa hiyo hapa Sokala najua kila nyumba yenye chumba kitupu na kila mume atakayenuna mkewe akileta wageni. Nikimtukana Mfulani, naye akanirudishia, watu wakacheka, basi huyo ameshafika. Hata mtoto wake huacha kulia.

Siku waliyoletwa Boureima Boly na mkewe Kumba, banda la kamati lilikuwa limejaa. Nikajifunga kanga kiunoni.

"Nani kaleta mwizi huyu wa ng'ombe? Mfungeni kamba. Huyu mtumwa wangu, alitoroka tangu mwaka wa njaa."

Watu wakacheka, wakamgeukia kusubiri zamu yake. Boureima akaangalia miguu yake.

"Vipi, maziwa yamekugandia kooni?"

Kumba alimshika mumewe mkono wa kanzu. Mtu mzima yule, mrefu kama mlingoti, uso ulimbadilika ukawa rangi ya jivu. "Nisamehe, mama," akasema kwa sauti ya chini, akatoka bandani. Kicheko kikakatika.

"Mfulani gani huyo asiyemjibu mhunzi?" Makoura akauliza.

"Kachoka," nikasema.

"Achoke na nini? Mfulani hata akiwa anakata roho, atamtukana mhunzi kwanza ndipo afe."

Kufikia jioni maneno hayo yalikuwa yameshazunguka mji mzima. Najua jinsi habari zinavyotembea hapa, maana zote hupitia kwenye sufuria yangu. Wengine walisema si Mfulani, kajipa jina tu. Wengine wakasema ni mmoja wa wale wa pikipiki, waliochoma vijiji ng'ambo, katangulizwa kuja kuangalia wawindaji wetu wana bunduki ngapi. Na mtu huyo nilimpa chumba cha marehemu mume wangu, ukuta mmoja na changu.

Mimi napenda nyumba yenye watu. Nyumba isiyo na kelele inanipa homa. Lakini nyumba yangu ilianza kunitisha mchana kweupe. Boureima alikaa akiutazama mlango, hakuupa mgongo hata siku moja. Pikipiki ikipita, hata ya mwalimu, nikigeuka namkuta amejibanza nyuma ya ghala la mtama. Na adhuhuri, jua likiwafukuza watu wote barabarani, alikwenda mwisho wa mji akasimama kuitazama njia ya mtoni.

"Anawangoja wenzake," Makoura akaniambia. "Wewe endelea kumpikia."

Nilianza kutembea na kisu cha vitunguu kwenye pindo la kanga, ndani ya ua wangu mwenyewe.

Kumba ndiye aliyekiona. Tulikuwa pampuni asubuhi, wawili tu, kisu kikanidondoka nilipoinama. Akakiokota, akakifuta kwa nguo yake, akanirudishia.

"Hata mimi ningeogopa, dada," akasema. "Ila nakuomba, usimtukane tena mume wangu. Hawezi."

"Hawezi nini? Utani ni dawa."

Akashika mpini wa pampu, akaanza kusukuma. "Kwetu kulikuwa na mhunzi, Zanga. Kila asubuhi mume wangu akipita na ng'ombe, lazima watukanane. Siku Zanga akiwa safarini, mume wangu anarudi kanuna, anakula bila kusema. Basi wale watu wakaja na pikipiki, wakasimama njiani. Walivaa kama askari, hatukuwajua. Wanamtafuta anayewatengenezea vijana wetu bunduki. Wakauliza, mhunzi wa hapa nani? Mume wangu akasema vilevile anavyosema kila siku. Huyu hapa, mtumwa wangu, mchukueni, nawapa bure, hata kamba nitatoa mimi."

Ndoo ilishajaa, maji yanamwagika miguuni petu, naye anasukuma tu.

"Zanga naye alikuwa anacheka," akasema. "Walipompandisha alikuwa bado anacheka. Alikuwa anamrudishia."

Sikuuliza kama alirudi.

Tangu hapo sikumwogopa tena Boureima. Nilimwogopea, na hofu hiyo ilikuwa nzito kuliko ile ya kisu. Sisi huku, mhunzi na Mfulani hawamwagiani damu. Baba Mkubwa wangu, Siriki Ballo, fundi mkuu wa wahunzi na mkubwa wa wawindaji wanaolinda mji, aliwahi kumfukuza mtu Sokala kwa kofi tu alilompiga mtani wake. Mfulani ambaye mdomo wake umemtoa mhunzi akauawe, nani angemsikiliza mpaka mwisho? Na siri yenyewe imewekwa kwangu, mimi ambaye hata mimba za watu huzitangaza kabla ya wenyewe. Wateja walipouliza habari za mgeni wangu, niliwajazia bakuli mpaka uji ukafurika, ili mikono iwe na kazi na mdomo ukae kimya.

Siku ya gulio, habari ikafika kwamba pikipiki zimeonekana karibu na kivuko. Soko likavunjika. Wanawake waliacha nyanya chini wakashika watoto. Nilipofika nyumbani mbio, wawindaji walikuwa wameshaingia uani, na magobori yao na hirizi zao shingoni, na nusu ya mtaa nyuma yao. Makoura alikuwa amepanda juu ya ukuta ili aone vizuri.

Baba Mkubwa Siriki alikuwa amekalia kinu changu kilichopinduliwa. "Matenin, mwanangu."

"Naam, Baba Mkubwa."

"Mgeni wako namsikia kwa watu tu. Mbona hukumleta kunisalimia?"

"Alikuwa hajapata nafuu."

"Mzee, tunapoteza muda," akasema Inza, kijana anayempulizia mivukuto kiwandani, aliyeoa juzi tu na tayari anajiona jemadari. "Twende naye kivukoni. Akifika atatuonyesha wenzake."

Kila mtu pale alijua maana ya kupelekwa kivukoni. Mwaka wa vurugu walipelekwa wawili, na hakuna aliyewafuata kuuliza. Kumba alikuwa amepiga magoti mlangoni. Boureima amesimama katikati ya ua, mikono inaning'inia.

Siriki akainua mkono. "Wanasema si Mfulani. Hilo si jambo la kutupeleka kivukoni, tunalimaliza hapahapa. Matenin ni mhunzi. Amtukane. Mfulani wa kweli atajibu." Akakuna kidevu. "Asipojibu, Inza, atakuwa wako."

Nilitaka kusema. Mdomo ulishafunguka. Nikawatazama wale wawindaji wote, wengi wao wahunzi, na bunduki zao, nikamwona Zanga akipandishwa pikipiki huku anacheka, nikaufunga. Ukweli ungemuua kabla sijafika katikati yake. Ilibaki kumtukana.

"Wewe Boureima," nikaanza, sauti ikawa ya mtu mwingine. "Miguu kama fito za dari. Unalala na ndama, mke unamwacha nje. Mtumwa wangu we, nani kakuruhusu kusimama mbele yangu?"

Boureima alimtazama Inza, akazitazama bunduki, akanitazama mimi. Hapo nikaona anachokiona: watu wenye silaha, mhunzi mbele yao, na wote wanamngoja yeye afungue mdomo atanie.

"Sema hata neno moja, mbwa we," nikasema.

Inza akamshika mkono. Boureima akauchomoa. Akaja mpaka nilipo, akasimama kati yangu na bunduki, mgongo wake kwangu. Kanzu yake ilikuwa imelowa jasho, na kwa karibu vile niliona inavyotetemeka.

"Huyu ni mhunzi wangu," akasema. "Msimguse. Kama mmekuja kuchukua mtu, nichukueni mimi. Yeye muacheni. Ana kazi zake."

Hakuwa anatania. Hata kuku wangu walijua hatanii. Nilifumba macho nikingoja.

"Hee," sauti ya Makoura ikatoka juu ya ukuta, "kumbe Mfulani ana wivu na mtumwa wake."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Anadhani tumekuja kumposa Matenin."

"Nani amtake? Kwa vitumbua vile vya mawe?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Kilitoka kwa nguvu, kama watu waliokuwa wamebanwa pumzi tangu sokoni. Inza mwenyewe alijaribu kukaza uso, akashindwa. "Mfulani ajitoe kwa ajili ya mhunzi," akasema akijipangusa macho. "Mimi utani wa namna hiyo sijawahi kuusikia." Nami nikacheka nao, nikacheka mpaka mbavu zikauma, nimeegemea ukuta.

Baba Mkubwa Siriki hakucheka. Alimtazama Boureima mpaka watu walipoanza kutoka, kisha akainuka. Aliponipita, alinong'ona. "Kuna jina analolimeza huyu. Kesho aje kiwandani, alitaje mwenyewe. Peke yake."

"Kuna nini, Baba Mkubwa?"

"Wewe uza uji."

Nilifikiria kutomwambia. Lori la viazi vikuu liendalo kusini lilikuwa bado limesimama sokoni, na dereva wake ananilia uji wa bure miaka yote. Lakini kumtorosha ni kumfanya Inza aonekane alisema kweli, na tena nani angewapokea huko wanakokwenda? Nikamwambia. Boureima akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akiingoja habari hiyo tangu avuke mto. Asubuhi akaoga, akavaa kanzu safi. Kumba hakulia. Alikunja mkeka, akafunga furushi lao, akalikalia.

Kiwanda cha Siriki hakionekani kutoka njiapanda, lakini nyundo yake inasikika sokoni kote. Kwa sauti hiyo ndipo tunapojua kumekucha. Asubuhi ile ililia kidogo, ikanyamaza.

Inza akaja, akavuta kigoda.

"Leo huendi kazini?" nikamwuliza.

"Mzee kanifukuza. Eti nisikanyage mpaka aniite." Akauchota uji. "Hebu tuigizie yule Mfulani wako, mama Matenin. Hawa hawakuwepo jana."

Watu wakasogeza vigoda. Nikaigiza. Nikasimama mbele ya sufuria na mgongo wangu kwao, nikatetemesha mabega, nikasema msimguse. Wakacheka mpaka wakapaliwa. Nyundo kimya. Wakataka tena, nikarudia, sikio langu liko kule. Kimya. Uji ukaungua chini, mimi ambaye sijawahi kuunguza uji tangu nivunje ungo, na harufu ikawafanya watu wanitazame.

"Una nini?"

"Kuni mbichi," nikasema.

Kisha nyundo ikagonga mara moja, ikatulia, ikaanza. Si ile ya mzee anayefanya kazi peke yake, anayeacha nyundo aende kupuliza moto, arudi. Ilikuwa mfululizo, chuma hakipati nafasi ya kupoa.

Inza akainua kichwa kutoka kwenye bakuli. "Nani anampulizia mivukuto?"

Sauti ya Baba Mkubwa ilitufikia kupitia juu ya paa za bati, kali kama kawaida yake. "Puliza, mtumwa we. Hata ndama wa kwenu ana mapafu kuliko wewe."

Nikatega sikio nisikie jibu. Sikulisikia. Nyundo ikaendelea.

Inza alikuwa ameanza kuinuka. Nikamtilia kitumbua kingine bakulini.

"Kaa ule," nikamwambia. "Hujaitwa."