Mashine Nyekundu ya Babu

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya Siku ya Kupamba Makaburi, jirani yetu Mzee Orval Hruska aliegemea ua, kopo la bia mkononi, akinitazama nikivuta kamba ya mashine ya kukatia nyasi.

"Dogo, utaing'oa hiyo kamba. Maiti hiyo izike tu pamoja na babu yako!"

"Zika bia yako, mzee. Hii itanguruma leo."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi sikucheka. Tangu babu afariki, nyasi za kaburi lake hazijakatwa kwa mashine nyingine ila hii yake nyekundu. Bibi Ludmila alikuwa ameshatoa hukumu: isipowaka kufikia saa sita mchana, Orval ataleta mashine yake, ile inayoendeshwa mtu akiwa ameikalia, na ya babu itawekwa kando ya barabara iokotwe na watu wa vyuma chakavu. Nami nilikuwa nimetamba mbele ya kanisa zima kwamba ukoo wetu wa Sedlacek hauazimi mashine.

Petroli ilikuwa mpya. Kabureta nilikuwa nimeisafisha hadi inang'aa. Plagi ilitoa cheche ya buluu. Lakini kila nilipovuta, kamba ilirudi kwa nguvu ikinichapa vidole.

"Inapiga teke," alisema Orval, safari hii bila kucheka. "Iligonga nini?"

"Haijagonga kitu."

"Dogo..."

"Nimesema haijagonga!"

Nilijua pa kufungua. Chini ya gurudumu zito linalozunguka juu ya injini kuna kijiti cha chuma laini, si kirefu kuliko ukucha. Kisu cha kukatia nyasi kikigonga kitu kigumu, kijiti hukatika ili injini ipone; kisha cheche inakuja wakati si wake na injini inapiga teke. Na kijiti hicho hakikatiki bila pigo. Kukifungua mbele ya watu kulikuwa sawa na kukiri.

Bibi akatoka na sahani ya kolache, vile vimkate vitamu vyenye tini katikati. "Kula kwanza, Emil. Saa tano hiyo."

Nilimtazama, nikaitazama mashine. Afadhali nione haya mimi kuliko mashine ya babu kutupwa barabarani.

"Bibi, mwaka jana, mwezi wa kumi, nililigonga jiwe la kaburi la babu. Nilikuwa nakimbiza mashine, najionyesha. Nikapaka udongo kwenye kovu."

Bibi alimaliza kutafuna. "Unadhani jiwe lile huoshwa na nani? Lete kopo la kahawa lililo juu ya rafu."

Ndani ya kopo, katikati ya misumari, mlikuwa na vijiti vitatu vipya, vimefungwa ndani ya karatasi yenye mwandiko wa babu.

"Babu yako naye aligonga jiwe la baba yake," alisema bibi. "Mara mbili."

Orval aliruka ua kuja kunishikia gurudumu. Nilichomoa kijiti kilichokatika, nikapachika kipya, nikakaza nati. Nikavuta mara moja tu.

Ikanguruma mpaka madirisha yakatetemeka.

"Maiti kafufuka!" Orval alipiga kelele. "Leta gari nikupakilie!"

Nilikataa. Niliiinua mbele kidogo ili kisu kizunguke hewani, nikaisukuma ikiwa imewaka, mitaa minne hadi makaburini, katikati ya barabara kuu, watu wakitoka vibarazani. Kifua mbele, kama nimepanda farasi.

Nilikata nyasi za kaburi, na hatua moja kabla ya jiwe la babu nikaizima. Nikapiga magoti, nikamalizia zile za kando ya jiwe kwa mkasi.