Makoti ya Kwaya ya Fridley

Siku hiyo mjinga alikuwa Anicet, na mwenyewe hukubali kabla hujamaliza kumwuliza. Jumba moja la opera la Saint Paul, huko Marekani, lilikuwa limeialika kwaya yake, naye akadhani wamealikwa kuimba. Tumsamehe. Kwa Wakongo wa Fridley, mji wa jirani, hakuna mtu anayealika kwaya ili inyamaze. Hata msibani, ukiiona kwaya imeingia, unajua chakula kitachelewa. Basi Anicet akawashonesha vitenge vya aina moja, akaomba ruhusa kwa mchungaji, akachagua wimbo wa Maman Pascasie, mmoja wa waimbaji wake.

Wimbo huo Pascasie aliutunga kambini, walipokuwa wakimbizi, jioni aliyomzika binti yake Maombi. Una mstari mmoja unaorudiwarudiwa: "Maombi, amka, unga umefika." Ndivyo ilivyokuwa, unga ulifika siku ya mazishi. Pascasie hakuwahi kuuimba nje ya kanisa, na alikubali kwenda Saint Paul kwa sharti moja tu, kwamba auimbe yeye, kwa kinywa chake.

Opera yenyewe ilikuwa ya Kiitaliano, ya zamani, ya kuchekesha. Mzee bahili anataka kuoa msichana, vijana wanamchezea shere mpaka ananyooka. Mwongozaji, mama mwenye miwani ya fremu nyekundu na haraka nyingi, alikuwa ameihamishia kwenye kambi ya wakimbizi ili iwe mpya. Bahili sasa aligawa unga. Kwaya ilikuwa foleni.

"Vitenge vivueni," alisema Sydney, Mkenya aliyeajiriwa na jumba kuongea na watu wa aina hiyo. "Nguo zilizoraruka ziko pale. Na hakuna kuimba, sawa? Waimbaji wako nyuma ya pazia. Nyinyi mna-open tu mdomo."

"Kwaya isiimbe?" Anicet aliuliza.

"Boss, hii si harusi."

"Harusini angalau bibi arusi anavalishwa," alisema Pascasie, akiinua kwa vidole viwili gauni alilopewa, lenye matundu yaliyokatwa kwa mkasi.

Mazoezi yakaanza, wakafungua midomo. Katika chumba cha nyuma, makoti yao ya baridi, yale waliyopewa mwaka walioingia Marekani, yakaanza kuimba kwenye misumari. Yaliimba wimbo wa Maombi, kwa sauti nne. Koti la Anicet lilichelewa kuingia, kama mwenyewe. La Pascasie, la zambarau, lenye zipu mbovu, ndilo lililoongoza. Fundi wa jumba alikagua kwanza mabomba ya joto, akayakuta mazima, akatoa taarifa kuwa ni makoti. Mwongozaji akaja, akasikiliza huku akitikisa mguu, akaagiza yahamishiwe jukwaani.

"Kama koti linaimba, na mimi niimbe," Pascasie alisema. "Wimbo ni wangu."

Sydney alikwenda kuuliza, akarudi. "Anasema ukiimba wewe watu watahuzunika. Hii ni komedi, mama."

Onyesho lilifanyika Jumamosi alasiri. Watazamaji walijaa, makoti yao wameyakalia au kuyapakata. Bahili akapima unga kwa kijiko cha chai, wakacheka. Nyuma ya foleni, kwenye kamba, koti la zambarau likaanza: "Maombi, amka, unga umefika." Tafsiri ikapita kwa maandishi ya taa juu ya jukwaa. Wakacheka zaidi, wengine mpaka wakapangusa machozi. Pascasie alikuwa amesimama kando ya koti lake, kinywa wazi kama alivyoelekezwa. Akajaribu kuimba. Hakikutoka kitu; sauti ilikuwa tayari inatumika.

Baada ya makofi, makoti yalifungiwa kabatini pamoja na viatu vya bahili, kwa sababu maonyesho yangeendelea mpaka theluji iyeyuke. Kwaya ikatokea mlango wa nyuma na vitenge vyao. Ilikuwa ile baridi ya Februari inayogandisha hata kope. Gari la Anicet likakataa kuwaka.

"Quand même, Maman," Anicet alisema, meno yakigongana, "hata hivyo, wimbo wa Maombi umefika mbali."

Pascasie alimtazama mpaka Anicet akarudi kulihangaikia gari. Kisha Pascasie akamgeukia Sydney, aliyewasindikiza nje akiwa amejifunika koti mpaka masikioni.

"Nipe koti langu."

"Haiwezekani, mama. Ni la jukwaa sasa."

"Nipe koti langu, Sydney. Nitaganda, lakini nigande nikiwa ndani yake."

"Kwani nyinyi watu mnafurahishwa na nini? Tumewapandisha kwa jukwaa kubwa namna hii, bado ni malalamiko. Hukuona? Jumba zima lilisimama!"

"Lilisimama kuvaa makoti yake, mwanangu. Langu liko wapi?"